Unatafuta wakili Lexington? Soma hii kabla hujasaini

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili hapa Lexington, Kentucky, mimi ndo napokea simu na kukusanya makaratasi ya kesi, na simu za Kiswahili zote zinaishia kwangu maana Wakongomani mji huu ni wengi kweli. Karibu kila mtu anaanza hivi: dada, nipe wakili mzuri. Nami namuuliza, mzuri wa nini? Aliyemshindia jirani yako kesi ya talaka hana msaada wowote kwenye asailamu yako, yaani ombi lako la hifadhi, na huyo wa asailamu hataki hata kusikia habari za bosi aliyekukata mshahara.

Ajali za gari ndo watu wanaliwa zaidi. Sheria ya Kentucky inamkataza wakili kumfuata mtu wa ajali kumuomba kesi kabla siku 30 hazijapita, kwa hiyo yule anayekupigia kesho yake, anajua jina lako, anajua mpaka barabara uliyogongewa, anakwambia wakili yupo na daktari yupo we njoo tu usaini, kata simu. Na mabango makubwa ya mawakili barabarani siyo dhambi ila uliza, nani hasa atakayeshika faili langu? Yupo hapa mjini au Louisville? Maana mwenye sura kwenye bango unaweza usimuone hata siku moja.

Halafu mkataba. Kesi za ajali wakili halipwi mpaka upate hela, kawaida anachukua theluthi moja, wengine asilimia 40 ikifika mahakamani, na lazima iwe kwa maandishi. Sasa angalia hapa: theluthi ya nini? Tuseme bima imelipa dola 30,000 na gharama za kesi ni dola 3,000. Wakili akikata yake kwanza anachukua 10,000, ukitoa na gharama unabaki na 17,000. Gharama zikitoka kwanza yeye anapata 9,000, we unabaki na 18,000. Dola elfu moja nzima imetegemea sentensi moja ambayo watu wanairuka, na hapo bili za hospitali bado!

Muda wa kufungua kesi nao ni mfupi huku. Ajali ya gari kwa kawaida ni miaka 2 lakini ukiteleza dukani au ukang'atwa na mbwa ni mwaka 1 tu. Shemeji yako wa Ohio atakwambia una miaka 2, na hadanganyi, ila hiyo ni ya kwao.

Kumhakiki wakili ni rahisi, kila anayefanya kazi ya uwakili Kentucky lazima awe kwenye Kentucky Bar Association, chama cha mawakili cha jimbo, makao yao Frankfort, unaingia tovuti yao unatafuta jina. Uhamiaji ndo tofauti kidogo, ile ni sheria ya taifa zima kwa hiyo hata wakili mwenye leseni ya Texas anaruhusiwa kukusimamia, japo mahakama utakayoitwa ni ya Louisville, muulize kama atakuja. Kama hela hakuna, jaribu kwanza Kentucky Refugee Ministries, shirika la kusaidia wakimbizi. Ila mtu mwenye muhuri wa notari, yaani wa kushuhudia sahihi, siyo wakili, hata kama anasali na wewe kanisa moja, na fomu akiikosea ni wewe unayeitwa kwa jaji.

Ukikamatwa kwa kesi ya jinai na huna uraia, usikubali kosa lolote kabla hujamuuliza wakili hii itafanya nini kwenye green card yangu, yaani kibali cha kuishi huku. Na hiyo tumeipata kutokana na kesi ya hapahapa Kentucky, Padilla, dereva wa lori aliyekaa Marekani zaidi ya miaka 40, wakili wake akamwambia asijali kufukuzwa kwa sababu ameshakaa sana, akakubali kosa la bangi, kumbe linamrudisha Honduras. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema wakili anawajibika kumwambia mteja wake ukweli huo.

Na kama tayari umesaini na wakili hapokei simu miezi inapita, unaruhusiwa kumbadilisha. Andika barua fupi, omba faili lako, ni haki yako. Anaweza kudai malipo ya kazi aliyokwishafanya, hayo mara nyingi wanamalizana wenyewe na wakili mpya kwenye ile asilimia, ila hakikisha umemuuliza huyo mpya kabla hujamuaga wa zamani.