Kabla kijiko hakijafika: nyumba za zamani za Lindi na Mikindani zinavyoondoka

Ninapoitwa kukagua nyumba ya zamani Lindi au Mikindani, mara nyingi mambo yameshaamuliwa. Mwenye kiwanja ameshapata mteja, mteja ameshachorewa ghorofa tatu zenye fremu za maduka chini, na kinachosubiriwa ni karatasi ya mtaalamu inayosema kuta ni hatari kwa wapita njia. Mimi ni msanifu majengo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni majengo ya mawe ya pwani hii ya kusini. Karatasi hiyo huiandika pale tu ukuta unapokuwa hatari kweli. Lakini leo nataka kueleza yanayotokea miaka mingi kabla karatasi haijaombwa, maana huko ndiko nyumba inakobomolewa. Kijiko, ile mashine ya kubomolea, huja kuzoa kifusi tu.

Tuanze na sheria, kwa sababu watu wengi wanaamini kila jengo la kikoloni tayari linalindwa. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Lililojengwa baada ya hapo hulindwa likishatangazwa na waziri mwenye dhamana kwenye Gazeti la Serikali. Sasa piga hesabu. Wajerumani waliziteka Lindi na Mikindani Mei 1890. Boma la Mikindani, jengo la utawala wao, lilijengwa 1895. Nyumba nyingi za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi, zile zenye duka chini na roshani ya mbao juu, ni za miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Karibu urithi wote wa enzi ya ukoloni huku kwetu uko upande usiofaa wa mwaka huo mmoja, 1863. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyomo mkoani Lindi na kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, yana sheria, yana walinzi, yana kibao. Nyumba ya mawe ya mwaka 1900 mjini Lindi ambayo hakuna aliyeiombea tangazo ina mwenye nyumba na bati lake, basi.

Na bati ndilo la kwanza kuondoka.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu asiyejua ukuta huu umejengwaje hawezi kuelewa unavyokufa. Ukuta wa nyumba hizi una unene wa nusu mita au zaidi. Ndani ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yameshikanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe inatokana na matumbawe hayo hayo: mawe yanapangwa juu ya kuni, yanachomwa hadi joto la nyuzi kama 900, yanatoa kaboni dioksidi na kubaki meupe, mepesi. Ukiyamwagia maji yanachemka na kuvunjika yenyewe kuwa unga. Waashi wa zamani waliilaza chokaa shimoni kwa muda mrefu kabla ya kuitumia. Ikishapakwa ukutani inanyonya tena kaboni dioksidi kutoka hewani, taratibu sana, hadi inarudi kuwa jiwe. Juu yake wanapitisha niru, ule upako laini mweupe ambao ukiwa mzima unang'aa.

Ukuta wa namna hii unakunywa maji ya masika na kuyatoa jua likiwaka. Ndivyo ulivyokusudiwa. Dari imebebwa na boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu, ncha zake zimeingia ndani ya ukuta pande zote mbili. Boriti haifiki mbali, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu. Boriti hizo zinafanya kazi mbili: zinabeba sakafu ya juu, na zinazishika kuta mbili zisiachane.

Sasa bati moja linapeperuka mwezi wa Novemba. Mvua za kusini huku zinakuja msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na maji yanaingia juu ya ukuta, palepale ncha za boriti zilipolala. Mti wa mkoko ni mgumu, mchwa unausumbua kwa shida, lakini ncha iliyolowa ndani ya chokaa miezi mitano mfululizo inaoza. Baada ya misimu michache boriti mbili tatu zinaanguka. Sakafu ya juu inafuata. Kuta zinakosa wa kuzishika, moja inaanza kuegemea barabarani. Ukiulizwa gharama wakati wa lile bati la kwanza, ni kazi ya fundi mmoja asubuhi moja. Ukiulizwa pale ukuta ulipoegemea, unaongea habari ya jukwaa, nguzo za kuegemeza na kujenga upya upande mzima.

Kuna namna nyingine ya kuiua nyumba hii, nayo inaniuma zaidi kwa sababu hufanywa na mtu anayeipenda. Mwenye nyumba anapata fedha za korosho, anaona ukuta unamenyeka, anamwita fundi apige plasta ya saruji. Kwa mwaka wa kwanza nyumba inapendeza. Lakini saruji imeziba njia ya maji kutoka. Unyevu unaopanda kutoka ardhini pamoja na chumvi ya bahari unabaki nyuma ya plasta, chumvi inaganda kuwa chembe, chembe zinasukuma. Ukiigonga plasta kwa kifundo cha kidole unasikia utupu. Siku inapoanguka, inaanguka na uso wa mawe. Kisha watu wanasema, mnaona, nyumba hizi zimechoka, hata saruji zinakataa.

Tukija kwenye fedha, mthamini anapokadiria jengo la aina hii hutazama gharama ya kulijenga upya, kisha anaondoa uchakavu. Kwa nyumba iliyopita miaka mia, uchakavu unameza karibu kila kitu. Kinachobaki na bei ni kiwanja, na kwa kuwa miji hii ilianzia ufukweni, viwanja hivyo ndivyo vilivyo pazuri kuliko vyote. Kwenye karatasi, jengo linageuka kuwa kizuizi juu ya ardhi. Simlaumu mthamini, anafuata kanuni zake. Nasema tu kwamba benki, mnunuzi na warithi wote wanaisoma karatasi hiyo hiyo.

Na warithi ni wengi. Nyumba imeachwa na babu, imepita kwa watoto, imepita kwa wajukuu, mmoja yuko Dar, mwingine Pemba ya Msumbiji, mwingine hajulikani aliko. Hakuna anayetaka kutoa fedha yake kukarabati mali ya watu kumi na mbili. Nyingine zilichukuliwa na serikali kwa Sheria ya Utaifishaji wa Majengo ya 1971, iliyogusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye, 1990, Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi ya nyumba zenye wapangaji wa muda mrefu mara nyingi haikutosha hata kununua bati. Kwa njia zote mbili tunafika palepale: nyumba ina wenyewe wengi, au ina mwenyewe wa mbali.

Mzee mmoja wa Lindi, nilipomaliza kumweleza yote haya juu ya baraza ya nyumba yake, alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Mwanangu, wewe unaipenda nyumba hii kwa sababu hulali ndani yake." Nikamjibu, ni kweli, baba. Popo walikuwa darini, chumba cha nyuma kilivuja, na mjukuu wake alikuwa amepata mtu wa kukinunua kiwanja kwa fedha ambayo mzee hakuwahi kuishika maishani. Mtu yeyote anayetetea majengo ya kale bila kuwa na jibu kwa mzee huyu anatetea picha za kuning'iniza ukutani. Jibu lazima liwe na shilingi ndani yake.

Kabla ya shilingi, lipo swali ambalo vijana huniuliza, nao wana haki ya kuuliza. Boma ni la mkoloni. Kodi ya nyumba iliyoanza 1898 ilidaiwa kutoka kwenye maboma kama haya, watu walichapwa humo, walifungwa humo. Kwa nini tulitunze?

Mimi nasema kwa sababu hiyo hiyo. Machemba, kiongozi wa Wayao huku nyuma ya pwani, alimwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1890, kwa Kiswahili, kukataa kuwa chini yake, na alisumbua utawala huo hadi alipovuka kwenda upande wa Msumbiji mwaka 1899. Wamwera waliingia vita vya Majimaji mwaka 1905. Boma ndilo ushahidi uliosimama kwamba walikuwepo watu wa kuogopwa. Halafu angalia mawe yenyewe. Hayakubebwa na Wajerumani. Mbinu ya ujenzi, chokaa, boriti, upako, ni ya waashi wa pwani hii, ile ile iliyojenga misikiti na nyumba za Waswahili karne nyingi kabla. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Mifupa ipo Berlin hadi leo, imesimamishwa ukumbini, watu wanalipa kuiona. Huku kwetu kilichobaki cha kumwonyesha mtoto ni mji ule mizigo ilikopitia. Tukiubomoa, tutakuwa tumemaliza kazi ya kufuta ambayo wengine waliianza. Watalii wanaletwa Mikindani kumtafuta Livingstone, aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Ningependa waondoke wakijua habari za wapagazi pia.

Mikindani imesalia kuliko Lindi, na sababu yake si hekima ya mtu. Mwaka 1947 Waingereza walikuwa na mpango wao wa kulima karanga na walihitaji bandari ya kina kirefu. Walijenga mji mpya Mtwara, wakahamishia ofisi huko, wakaweka reli ya kuelekea Nachingwea ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 iling'olewa. Mikindani ikabaki kando, kama kilomita 10 kutoka mji mpya, bila fedha za kubomoa wala za kujenga. Umaskini uliitunza.

Fedha zikija, ulinzi huo unakwisha. Tumeshaona dalili. Baada ya ugunduzi wa gesi kwenye bahari ya kina kirefu kuanzia 2010, bei ya viwanja Mtwara ilipanda ghafla, hoteli na benki zikatafuta nafasi, kila mtu akawa dalali. Kisha joto likapoa. Lakini mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o, hatua chache kutoka Lindi mjini, bado uko mezani, na Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell. Siku ujenzi ukianza kweli, Lindi itahitaji ofisi, vyumba vya kulala wageni, maghala na migahawa kwa haraka ambayo mji huu haujapata kuiona. Mradi mkubwa wenyewe utafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka. Ghorofa ya fremu kumi za maduka katikati ya mji haitatazamwa kwa jicho hilo.

Basi nirudi kwa mzee na shilingi zake. Boma la Mikindani lilikuwa gofu. Shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililikarabati kuanzia miaka ya 1990 kwa kutumia mafundi wa hapo hapo, likawa hoteli, na vijana wakajifunza kazi ya chokaa na kazi ya hoteli. Si kila nyumba itakuwa hoteli, wala haipaswi. Lakini nyumba za biashara za Lindi na Mikindani zina faida moja ambayo wachoraji wa ghorofa hawaitazami: viwanja vyake ni virefu kwenda nyuma, na uani mara nyingi ni mabanda tu. Vyumba viwili vya mbele na roshani vinaweza kubaki, vikatibiwa kwa chokaa na boriti mpya au nondo za chuma za kushika kuta, na jengo jipya likasimama uani, lenye nafasi pana ambayo boriti haikuweza kutoa. Sharti msingi mpya usichimbwe kwa kina pembeni kabisa ya ukuta wa zamani, maana ukuta huo hauna zege chini yake, umekaa juu ya mawe, na ukiuondolea udongo pembeni unafuata shimo. Majirani wa viwanja vinavyochimbwa wanalijua hilo kwa nyufa zao.

Chokaa nayo isitoke baharini. Kuvunja matumbawe hai kumeumiza ghuba ya Mikindani kiasi cha kutosha. Mawe ya nchi kavu yapo, na mawe ya kuta zilizokwisha kuanguka yanajengeka tena.

Kinachotakiwa kwanza kabisa hakihitaji mfadhili. Manispaa ya Mtwara-Mikindani na Manispaa ya Lindi ziwe na orodha ya nyumba hizi: namba ya kiwanja, picha ya mbele na ya nyuma, vipimo vya kuta, hali ya paa, nani anaishi humo. Zile zenye uzito zaidi zipelekewe waziri maombi ya kutangazwa, sasa, wakati bei ya ardhi imetulia na hakuna mwekezaji anayesubiri nje ya ofisi. Mwalimu wa sekondari mwenye darasa la vijana, futi ya kupimia na simu yenye kamera anaweza kumaliza mtaa mmoja wa Mikindani kwa likizo moja, na mimi niko tayari kuwafundisha jinsi ya kupima na kuchora. Orodha hiyo ikiwepo, afisa anayeletewa ombi la kibali cha kubomoa atakuwa na kitu cha kufungua na kusoma kabla hajagonga muhuri.