"Frimasoni wa Alhamisi" na mengine yanayosemwa Kigoma kuhusu klabu za huduma

Kigoma haijakosa vikundi. Kuna vikoba vya akina mama sokoni Mwanga, vikundi vya wavuvi Kibirizi na Katonga, kamati za misiba, kwaya, madrasa zenye mifuko yake. Hakuna anayeuliza vinakutana kufanya nini. Ila watu wazima wa Rotary au Lions, klabu za kujitolea kuhudumia jamii, wakivaa beji kifuani, wakagonga kengele na kukaa saa nzima kwenye ukumbi wa hoteli kila wiki, maneno huanza. Mimi ni mmoja wa hao wanaogonga kengele, kila Alhamisi, kwa hiyo yapokee haya ukijua yanatoka upande gani.

"Hao ni Frimasoni"

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Gurudumu la Rotary na simba wa Lions kwenye beji vinatosha kumfanya jirani avute kiti akusimulie habari za damu na utajiri wa ghafla.

Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, katika ofisi ya mhandisi wa migodi Gustavus Loehr. Walikuwa wanne: yeye, mwanasheria Paul Harris, mfanyabiashara wa makaa ya mawe Silvester Schiele, na mshonaji nguo Hiram Shorey. Walikutana kwa kuzungukiana ofisi, na hiyo ndiyo asili ya jina Rotary. Harris alikuwa mtu wa mji mdogo aliyehamia jiji kubwa. Alitaka marafiki, na tuseme ukweli, wote walitaka na wateja pia. Mwaka 1907 ndipo walipoanza kazi yao ya kwanza ya umma: kupigania vyoo vya umma katikati ya Chicago. Uchawi unaoanzia chooni mimi sijawahi kuusikia.

Lions nayo ilizaliwa Chicago, mwaka 1917, kwa juhudi za Melvin Jones aliyekuwa kwenye biashara ya bima. Mwaka 1925 Helen Keller, mama asiyeona wala kusikia, alisimama mbele ya mkutano wao akawaomba wawe watetezi wa wasioona. Ukiona Lions wanahangaika na miwani na upasuaji wa mtoto wa jicho, chanzo ni hotuba ile.

Na hicho "kiapo" tunachodaiwa kula sisi wa Rotary ni maswali manne aliyoyaandika mfanyabiashara Herbert Taylor mwaka 1932, alipokuwa akijaribu kuiokoa kampuni ya sufuria za alumini iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika: ni kweli? ni haki kwa wote? italeta nia njema na urafiki? itawafaa wote wanaohusika? Tunayasoma kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na mhudumu akipita na birika la chai.

"Wanakutana kula tu"

Chakula kipo, na kila mmoja anajilipia. Fedha za uendeshaji, yaani ada, chakula, beji na usafiri wa viongozi, hukaa mbali na fedha zilizochangwa kwa ajili ya jamii. Ukimkuta mweka hazina anayezichanganya, usimwonee haya.

Hapo hapo nikiri kwamba wanaosema klabu hizi ni za wenye nacho hawajakosea kabisa. Mwalimu wa shule ya msingi akipiga hesabu ya ada ya mwaka na mlo wa hotelini kila wiki, anaghairi. Kanuni hazimlazimishi mtu awe tajiri, lakini hoteli inamwambia vingine. Klabu inayohamia kwenye ukumbi wa shule na kunywa chai kwa mandazi haivunji kanuni yoyote.

Sasa hicho kikao chenyewe. Kengele, kutambulisha wageni, taarifa za kamati, mzungumzaji wa siku, kengele tena. Katikati kuna utani: simu ikiita, faini, mtoto akifaulu mtihani, mzazi anatoa buku mbili za furaha. Wageni huziona hizo buku wakadhani ndiyo misaada yenyewe. Klabu huamua mapema zinakwenda kwenye mfuko gani, na ni hela ndogo.

Kikubwa ni mzungumzaji. Wiki hii muuguzi kutoka hospitali ya Maweni, wiki ijayo afisa uvuvi, halafu mwalimu mkuu wa shule ya kata. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanachama wanaweza kuwa wameshakubaliana kununua madawati, kisha mwalimu akasimama akasema madawati yapo. Kinachowaweka wasichana nyumbani siku za hedhi ni vyoo visivyo na maji wala mlango unaofungika. Dakika kumi za kumsikiliza zimeokoa mradi mzima usiende mahali pasipohitajika.

Tangu 2016 Rotary imeziruhusu klabu kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi, na nyingi duniani zimefanya hivyo. Mimi naona zinazopunguza hujipunguzia zenyewe, na sababu iko kwenye harambee.

"Harambee imeingiza milioni kumi!"

Mshereheshaji ndiye aliyesema. Kuna mnada wa keki, jogoo kanunuliwa akarudishwa ili anunuliwe tena, dumu la mawese limepanda bei hadi watu wanacheka. Asubuhi yake mji mzima unajua klabu ina milioni kumi, na wiki haijaisha barua za maombi zimeshafika.

Tuchukue mfano. Katika hizo milioni kumi, taslimu na za simu ni milioni tatu na nusu. Zilizobaki ni ahadi. Toa ukumbi, muziki, chakula na kadi za mchango, tuseme milioni moja na laki mbili. Usiku ule klabu imeondoka na milioni mbili na laki tatu. Milioni kumi haikuwahi kuwepo popote isipokuwa kwenye kipaza sauti.

Ahadi hazikusanywi na mshereheshaji, zinakusanywa na kikao. Karani anasoma orodha kila wiki: nani kamaliza, nani kalipa nusu, nani apigiwe na rafiki yake badala ya kupigiwa na katibu. Klabu isipokutana mwezi mzima, orodha hulala droo moja na risiti, na aliyeahidi anaanza kukwepa salamu. Nimeona shughuli ndogo ya matembezi ya hisani, isiyo na mbwembwe, ikiacha fedha nyingi kuliko chakula cha jioni cha suti na tai, kwa sababu tu wasimamizi wake walikutana kila wiki kabla na baada.

Halafu kuna kalenda ya ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwenye boti aliyeahidi laki tano mwezi wa nne, utamdai kwa uso gani mwezi wa saba? Na mwaka wa klabu, kwa Rotary na Lions vilevile, huanza tarehe 1 Julai, uongozi mpya ukiingia na makabrasha ya wenzao. Harambee za mji huu zinataka zipangwe kwa kuangalia mwalo kwanza, ukumbi baadaye.

Mengine mawili kwa haraka. Bahati nasibu ya kuchangisha, hata kama zawadi ni baiskeli, ni mchezo wa kubahatisha kisheria, kwa hiyo kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kinaulizwa kabla tiketi hazijachapwa. Na ukiletewa kadi yenye namba ya simu ya mtu binafsi, uliza ya klabu.

"Hela zinatoka Ulaya"

Mfuko wa Rotary duniani ulipokea mchango wake wa kwanza, dola 26 na senti 50, mwaka 1918 kutoka klabu ya Kansas City. Hadi leo unaishi kwa michango ya wanachama, na sehemu ya wanachotoa hurudi baada ya miaka mitatu kuwa ruzuku za miradi. Ruzuku kubwa za kimataifa hudai bajeti isiyopungua dola 30,000, klabu mbili za nchi tofauti, na uchunguzi wa mahitaji uliofanywa kwa wananchi wenyewe. Mzungu hashuki na begi. Klabu ya huku isiyo na vitabu vinavyosomeka haipati mshirika, basi.

Kuhusu "ni ya wanaume": ilikuwa kweli. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1987, Rotary ikabadili kanuni zake mwaka 1989, na mwaka 2022 Jennifer Jones akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza Rotary ya dunia nzima.

"Polio si imeisha? Bado mnachangisha ya nini?"

Rotary ilianza kampeni hii mwaka 1985. Mwaka 1988 polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Leo virusi vya asili vimebaki vikizunguka Afghanistan na Pakistan tu, na Afrika ilithibitishwa kuwa huru navyo Agosti 2020. Lakini mwaka 2023 kiligundulika kisa Rukwa, cha aina ile inayoibuka pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, na Septemba mwaka huo mikoa sita ikafanyiwa kampeni ya matone ya chanjo. Kigoma ilikuwa mmojawapo. Kuna vijiji vya mwambao ambako matone hayo hufika kirahisi zaidi kwa boti, na boti inataka petroli, na kibebeo cha chanjo kinataka barafu. Hizo ni gharama za ukubwa ambao klabu ya mji mdogo inaweza kuzibeba, orodha ya ahadi ikisomwa kila Alhamisi.