Kibahasha cha "1x3" na miaka miwili nje ya riadha

Binti mmoja mkimbiaji alikuja ofisini kwangu hapa Arusha akiwa na barua ya kurasa nne na kibahasha cha dawa. Amekubali nisimulie habari yake mradi nisimtaje. Kibahasha kilikuwa kile kidogo tunachopewa sote dukani, kimeandikwa kwa kalamu "1x3", basi. Hakina jina la dawa, tarehe wala mhuri wa duka. Barua ilisema mkojo wake umekutwa na prednisolone, dawa iliyokatazwa mashindanoni.

"Dada wakili," aliniambia, "mimi kifua tu kilikuwa kinanibana."

Nilimwamini, na namwamini hadi leo. Lakini kesi za namna hii haziamuliwi kwa kuaminika kwa sura ya mtu.

Wengi wetu tunaifahamu sheria kupitia kesi za jinai: anayekushitaki ndiye anayethibitisha, tena pasipo kuacha shaka ya msingi, na nia yako inaangaliwa. Kwenye dawa zilizokatazwa michezoni haiendi hivyo. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, ambazo zinambana kila mwanariadha aliye chini ya shirikisho lake, zinasema kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Wanaokushitaki hawana haja ya kuonyesha kwamba ulikusudia au ulizembea. Majibu ya maabara yakisimama, kosa limekamilika, na kinachobaki ni kubishania adhabu. Hapo mzigo unakugeukia wewe: ueleze dawa iliingiaje, na maelezo yako yaonekane kuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Ni kanuni kali, na ninaelewa kwa nini ipo. Bila hiyo kila aliyenaswa angesema hakujua. Ila iliandikwa kana kwamba kila kidonge duniani huuzwa ndani ya boksi lake, na karatasi ya maelezo juu. Huku kwetu mtu anakohoa, anakwenda duka la dawa, anahesabiwa vidonge mkononi.

Prednisolone yenyewe si dawa ya ajabu. Hutumika kwa pumu, mzio na maumivu ya viungo. Ukiimeza, imekatazwa wakati wa mashindano tu, na kwa kawaida wakati huo huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mbio. Kwa hiyo anayekimbia Kilimanjaro Marathon pale Ushirika, Moshi, Jumapili asubuhi, ameshaingia mashindanoni Jumamosi usiku akiwa bado kitandani. Na mwili hautazami saa: kidonge cha Ijumaa kinaweza kuonekana Jumapili. Ndiyo maana WADA hushauri zipite walau siku 3.

Anayeumwa kweli ana mlango. Ni kibali cha kutumia dawa kwa ajili ya matibabu, na kwa dawa kama hii, iliyomezwa kabla ya mashindano, kinaweza kuombwa hata baada ya kupimwa. Kinachotakiwa ni faili la hospitali: nani alikupima, aliona nini, alikuandikia nini. Binti huyu hakuwa na faili. Tulirudi wote hadi dukani. Muuzaji alimkumbuka sura, akakiri alimpa "dawa ya kifua", lakini hakuwa na daftari la mauzo, na kuandika maelezo na kutia sahihi alikataa. Binti alifungiwa miaka 2. Angekutwa na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, ingeanzia miaka 4. Tulikuwa na siku 21 za kukata rufaa, ila rufaa haizai ushahidi ambao hukuwa nao, nikamwambia hivyo waziwazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayefanya mazoezi ya mbio huko Ngaramtoni au Kisongo, mwambie muuza dawa akuonyeshe boksi, ulipige picha kwa simu, na risiti udai. Ukiitwa kupimwa, usikatae. Kukataa peke yake kunaweza kukufungia miaka 4. Una haki ya kuwa na mtu wako pale, na mkalimani akiwezekana kupatikana. Fomu itauliza dawa ulizotumia siku 7 zilizopita: andika zote, hata ile ya mafua. Na makocha mjue kanuni hizi zinawabana ninyi pia; anayemgawia mwanariadha wake vidonge asivyovijua anajitafutia kesi yake mwenyewe.

Kilichomuumiza zaidi binti huyu si mbio alizokosa wala fedha alizorudisha. Ni kambi. Aliyefungiwa haruhusiwi kufanya mazoezi na klabu yake hadi miezi 2 ya mwisho ya adhabu, kwa hiyo amekuwa akikimbia peke yake alfajiri, wenzake wakipita kundi zima ng'ambo ya barabara. Juzi kocha wake alinipigia simu kuuliza ni lini hasa anaruhusiwa kurudi. Nilifungua hukumu, nikamsomea tarehe, akaniomba niirudie ili aiandike.