Hiyo Kwenye Simu Yako Si Rada

"Kapteni, mbona rada inaonyesha kweupe?" Swali hili naulizwa na abiria, na mameneja wa hoteli wanaosubiri wageni wao, na shemeji yangu ambaye hajawahi hata kukaa kiti cha mbele cha ndege ndogo. Nimelivumilia miaka. Juzi nimeulizwa na rubani mwenzangu, kijana mwenye leseni ya biashara, akininyooshea simu yenye picha ya mvua na kuniambia yeye angepita "hapo katikati" ya madoa. Basi leo naandika.

Hapo katikati hapapo. Nitaeleza.

Rada ni mtambo unaorusha mawimbi, yakagonga matone ya mvua, yakarudi. Pasipo mtambo hakuna rada. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa, TMA, inazo za kweli, Dar es Salaam na Mwanza zikiwemo, lakini kuwepo kwa rada Dar hakuna maana kwamba picha yake inaingia kwenye programu uliyoipakua bure. Fungua ile sehemu ya vyanzo vya data ambayo hakuna anayeisoma. Kwa anga letu mara nyingi utakuta kimoja kati ya viwili: makisio ya mvua yaliyotokana na setilaiti, au utabiri wa modeli ya kompyuta. Vyote hupakwa rangi zilezile, kijani, njano, nyekundu, kwa kuwa watu wamezizoea na wanaziamini.

Setilaiti kwanza, harakaharaka. Meteosat inayotutazama imekaa juu ya Bahari ya Hindi, kilomita kama 36,000 kwenda juu, na hupiga picha kila dakika 15. Usiku na mchana inapima ubaridi wa vilele vya mawingu. Wingu refu lina kilele baridi, kwa hiyo hudhaniwa lina mvua. Huko bara, kwa mawingu makubwa ya alasiri, dhana hiyo si mbaya. Pwani inakwama pande zote mbili. Manyunyu ya alfajiri ya Pemba mara nyingi hutoka kwenye mawingu mafupi yasiyofika hata kimo cha barafu. Setilaiti inaona kilele chenye joto, programu inasema kweupe, na wewe unaloa ukipakua mizigo. Kinyume chake, wingu la radi lililokwisha kufa huacha fuawe la barafu, yaani kile kilele chake bapa, limetanda nusu ya anga. Hilo ni baridi kwelikweli, linapakwa rangi, na chini yake pengine hakudondoki hata tone.

Modeli ndiyo inayonikera. GFS ya Wamarekani, ambayo programu nyingi za bure huitegemea, hutoa data zake kwa miraba yenye upande wa kama kilomita 28, mara nne kwa siku. Weka hesabu hiyo juu ya ramani. Uwanja wa Dar mpaka wa Zanzibar ni kama kilomita 73, yaani miraba miwili na nusu. Unguja kwa upana ni mraba mmoja na kipande. Ndani ya kila mraba modeli ina jibu moja tu la mvua. Programu ingekuonyesha hivyo ilivyo, ungeona vigae vya bafuni, ungecheka, ungeirudisha simu mfukoni. Mtengenezaji analijua hilo, kwa hiyo analainisha: rangi ya mraba huu inachanganywa na ya jirani yake mpaka yanapatikana madoa ya kupendeza, yenye kingo laini, yanayotembea. Ukivuta kwa vidole viwili, picha inakua na bado inapendeza.

Kijana wangu alivuta namna hiyo mpaka akaona uchochoro kati ya madoa mawili mekundu, katikati ya mkondo wa Zanzibar, upana wa kilomita kumi hivi. Uchochoro ule haukupimwa na mtu wala chombo. Umezaliwa na hesabu ya kuchanganya rangi. Modeli haikusema pale pana uwazi, na haina uwezo wa kuona kitu cha ukubwa ule. Hata wingu la radi lenyewe, ambalo mara nyingi halizidi kilomita kumi kwa upana, haliwezi kuchorwa humo. Modeli inakisia tu kwamba kwa joto hili na unyevu huu, mahali fulani ndani ya mraba mvua itanyesha. Wapi hasa, haisemi. Na wewe na abiria kumi na wawili mnataka kupita kwenye hiyo "wapi hasa".

Halafu ule mstari wa "sasa". Unateleza kidole, doa linatembea kutoka jana kwenda kesho, linauvuka mstari bila kubadilika umbo wala rangi. Upande wa kushoto ni kilichopimwa, kama una bahati. Upande wa kulia ni ubashiri. Ningependa kukutana na aliyeamua viwili hivyo vifanane.

Utaniambia Wamarekani wanaruka nayo. Kweli, wanaruka. Wana rada kama 160 za NEXRAD, mtandao wao wa rada za hali ya hewa, na picha zake zinarushwa bure mpaka kwenye tableti ya rubani. Na huko huko, Juni 2012, NTSB, chombo chao cha kuchunguza ajali, ilitoa tahadhari kwa marubani: picha inaweza kusema ina umri wa dakika moja kumbe mvua iliyomo ilipimwa zamani zaidi, na ikifika pabaya tofauti hiyo ni dakika 15 hadi 20. Sababu ni ya kiofisi tu. Picha moja ya nchi nzima huunganishwa kutoka rada nyingi, na saa huanza kuhesabiwa ilipomaliza kuunganishwa, si pale boriti ilipogonga mvua. Tahadhari ilitaja ajali mbili za vifo, helikopta ya wagonjwa Tennessee mwaka 2010 na ndege ya injini moja Texas mwaka 2011. Hao walikuwa na rada ya kweli.

Ndege ndogo aina ya Caravan huenda kama kilomita 300 kwa saa. Kwa dakika 15 umekwisha kwenda kilomita 75. Yaani picha ya dakika 15 zilizopita ilipigwa magurudumu yako yakiwa bado Dar, na sasa unaongea na mnara wa kuongozea ndege wa Zanzibar. Wingu nalo halikukaa kukusubiri. Kutoka chipukizi jeupe mpaka radi huweza kuchukua nusu saa tu.

Na kuna hili la saa. Juu ya simu imeandikwa 14:10. Kwenye kona ya picha, kwa herufi za sisimizi, 10:45Z, na hiyo Z ni saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mmoja anadhani ni picha ya asubuhi. Mwingine haoni chochote, anaiamini saa ya juu. Ongeza tatu: 13:45, saa nane kasorobo. Picha ina dakika 25. Ukiwa juu ya bahari mtandao unakatika na kurudi, kwa sababu antena za minara ya simu zimeinamishwa kwa watu walioko chini, na programu nyingine hazikwambii kitu, zinakuachia picha ya mwisho ikiwa inang'aa vilevile.

Rada ya kwenye ndege, lile ganda bawa la kulia, nayo ina vituko vyake. Mawimbi yake ni ya sentimita 3 na mvua kubwa huyameza. Nyuma ya nyekundu kukiwa kweusi, usidhani umepata njia. Mawimbi hayakufika huko. Lakini angalau inaangalia mbele yangu, sasa hivi.

Sasa jambo ambalo hatupendi kulisema mbele ya wakaguzi. Mafundisho yanasema wingu kali la radi lipitwe kwa umbali wa maili 20 za baharini. Njia yangu nzima, Dar mpaka Zanzibar, ni maili 39. Nikilitii hilo kwa rula, masika yote nitakuwa kantini. Kwa hiyo wengi wetu tunapita upande upepo unakotoka, hatuingii chini ya fuawe, na tunageuka mapema. Umbali gani unatosha? Maili kumi? Tano? Sina jibu ninaloliamini. Wazee wa fani kila mmoja ana namba yake na wote wako hai, jambo ambalo halithibitishi chochote, maana wasio hai hawaulizwi.

Simu siitupi. Asubuhi, nikiwa na chai mkononi, natazama picha za setilaiti za saa sita zilizopita pamoja na METAR na TAF, yaani taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja na utabiri wake. Nikiwa na safari ya Mwanza nazitazama zaidi, maana radi za Ziwa Victoria hujijenga usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji, na ni vizuri kujua zimeamkia upande gani. Kwa kuamua niondoke sasa au baada ya saa moja, inafaa. Baada ya injini kuwaka inaingia kwenye begi. Sina hakika kama ni lazima kwa kila mtu. Najijua tu kwamba rangi zikiwa mbele yangu naanza kulitazama dirisha kama mshindani wake.

Kwa viwanja vya majani, simu hiyohiyo ina kazi ya zamani zaidi: kupiga. Nampigia anayelinda kiwanja. Ila usimuulize hali ya hewa ikoje, atakujibu "nzuri tu, karibuni." Muulize anaona minazi mingapi mwisho wa njia, bendera imelalia wapi, na kama kuku wameshaingia bandani.