Bustani ya maji juu ya kaunta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mche wa rehani ukinyauka ndani ya chombo kilichojaa maji, wa kwanza kulaumiwa ni mbolea. "Ongeza dawa," ataambiwa mwenye bustani, naye ataongeza, na siku ya tatu mche umelala kabisa. Mara nyingi mbolea haina kosa. Mzizi umekosa pumzi au jani limekosa mwanga, na hakuna kijiko cha virutubisho kinachoweza kuziba pengo hilo.

Chombo tunachokizungumzia, cha kukuzia mboga kwenye maji yenye virutubisho bila udongo (haidroponiki), ni cha kawaida kabisa: kontena la plastiki lenye mfuniko, la lita 10 hivi, lililotobolewa matundu mawili ya upana wa sentimita 5 juu ya mfuniko. Kila tundu linabeba kikombe cha wavu chenye mche. Hakina pampu wala waya. Njia hii inaitwa Kratky, kwa jina la Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliyeieleza kitaalamu, na inatosha vizuri kaunta ya jiko la nyumba ya ghorofa.

"Maji yakishuka, jaza mpaka juu"

Kosa hili huua miche mingi, na wanaolifanya ni watu wenye bidii.

Mzizi unapumua. Unahitaji oksijeni ili kuchoma sukari inayoshuka kutoka kwenye majani, na nguvu inayopatikana ndiyo inayovuta virutubisho. Katika njia ya Kratky, siku ya kwanza maji yanagusa kikombe sentimita 1 tu kutoka chini. Mmea unavyokunywa, maji yanashuka, na kati ya maji na mfuniko panabaki nafasi ya hewa yenye unyevunyevu. Inua mfuniko wiki ya tatu uangalie. Mizizi ya juu, iliyo hewani, ni mifupi, ina matawi mengi na vinyweleo kama pamba. Ya chini, iliyozama, ni mirefu na laini kama uzi. Ile ya juu inapumua, ile ya chini inakunywa. Ukijaza chombo mpaka juu umeizamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa, na baada ya siku moja au mbili majani yanalegea ilhali maji yapo tele. Mwenye bustani akiyaona yamelegea, anaongeza maji tena.

Saladi moja hunywa takriban lita 4 tangu kupandikizwa hadi kuvunwa, kwa hiyo lita 10 zinatosha saladi mbili bila kuongeza kitu. Mchicha na rehani, ambavyo hukatwa vikachipua tena, vitahitaji kuongezewa. Ongeza kidogo kidogo, na usipite nusu ya kina cha chombo.

Joto linazidisha tatizo. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5, wakati mzizi wenyewe unahitaji hewa zaidi kwa sababu ya joto hilohilo. Jikoni Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hili si jambo dogo. Weka chombo mbali na jiko na mbali na nyuma ya friji. Kipake rangi nyeusi ya kuzuia mwanga, kisha nyeupe juu yake ya kurudisha joto. Mwanga ukipenya, mwani wa kijani utajaa humo na kunywa mbolea uliyoinunua.

Mizizi ya kahawia si lazima iwe imeoza, maana virutubisho vingine huipaka rangi. Jaribu hivi: shika mzizi mmoja kwa vidole viwili uuvute polepole. Ukiwa mzima, utakaza. Ukiwa umeoza, ganda la nje linachomoka kama soksi na kuacha uzi mwembamba katikati, na vidole vinanuka kama matope ya mtaroni. Hapo mara nyingi ni Pythium, kimelea kinachofanana na kuvu na kinachopenda maji ya moto yasiyo na hewa. Mmea huo ung'oe. Osha chombo kwa jiki sehemu 1 na maji sehemu 9, acha dakika 30, suuza vizuri, uanze upya. Kuubembeleza ni kupoteza wiki mbili.

"Bila pampu na umeme haiwezekani"

Kwa mboga za majani inawezekana, kama ilivyoelezwa hapo juu. Mwenye pampu ya hewa ya tangi la samaki anaweza kuitumia, ila asijaze chombo hadi kwenye mfuniko kwa kutegemea mapovu. Umeme ukikatika mchana kutwa, sentimita 3 za hewa juu ya maji ndizo zitakazookoa mizizi.

"Mbolea ni mbolea, ilimradi iyeyuke"

Kwenye udongo kuna bakteria wanaogeuza mbolea kuwa kitu ambacho mzizi unaweza kukinywa. Kwenye chombo chako hawapo wa kutosha. Ndiyo maana urea, inayofanya kazi nzuri shambani, huku inakaa tu majini bila kumsaidia mtu. Samadi iliyolowekwa ni mbaya zaidi: inaoza, inamaliza oksijeni, na inaleta vijidudu vya kinyesi karibu na majani utakayoyala mabichi.

Mbolea ya NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) 19:19:19 inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo huyeyuka vizuri, lakini haina kalsiamu, na mara nyingi sehemu ya nitrojeni yake ni urea. Mmea utakwenda wiki mbili ukiwa mzuri, halafu majani machanga yaanze kujikunja na ncha zake kufa.

Hapo ndipo watu hukimbilia CAN (kalsiamu amonia naitreti), kwa kuwa jina lina neno kalsiamu. CAN ya kukuzia mahindi siyo kalsiamu naitreti. Kalsiamu yake imo kwenye chokaa isiyoyeyuka, itakayobaki kama tope chini ya chombo, na nusu ya nitrojeni yake ni ya amonia, ambayo ikizidi inadhuru mizizi. Soma mfuko: kalsiamu naitreti halisi inaonyesha nitrojeni asilimia 15.5, ni chembe nyeupe, na ukiacha mfuko wazi inavuta unyevu hewani hadi inalowa.

Kwa lita 10 za maji, vipimo vinavyofanya kazi ni hivi: gramu 6 za NPK 4-18-38 ya haidroponiki yenye madini madogomadogo kama chuma na boroni, gramu 3 za magnesiamu salfeti (chumvi ya Epsom), na gramu 6 za kalsiamu naitreti. Mizani ya kupimia unga wa chapati haitoshi. Tafuta ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Yeyusha NPK kwenye lita 8 za maji, kisha magnesiamu. Kalsiamu iyeyushe peke yake kwenye lita 2, ndipo umimine polepole huku ukikoroga. Ukivichanganya vikiwa vikali, kwenye kikombe kimoja chenye maji kidogo, utaona maziwa: kalsiamu imeshikana na salfeti na fosfeti na kuwa chaki. Chaki hiyo hairudi tena kuwa chakula cha mmea.

Ukinunua virutubisho vya chupa mbili, A na B, vilivyotengenezwa tayari, sababu ya kuwa mbili ni hiyohiyo. A iingie kwenye maji mengi kwanza, ikorogwe, ndipo B. Kamwe A isikutane na B kabla ya maji.

"Ukizidisha kidogo, itakua haraka"

Chumvi ikizidi nje ya mzizi, maji hayaingii. Mmea unapata kiu ukiwa majini, na kingo za majani zinaungua. Kipimo cha EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme kwa sababu ya chumvi zilizomo, kinakuambia ukali wa myeyusho (maji yenye virutubisho): miche michanga 0.8 hadi 1.0, mboga za majani zilizokomaa 1.2 hadi 1.8. Vipimo vya bei nafuu husoma ppm (sehemu kwa milioni), na hapa wengi hupotea, kwa sababu vingine huzidisha EC kwa 500 na vingine kwa 700. EC ya 1.6 itasomeka 800 kwenye kimoja na 1,120 kwenye kingine. Jua chako kinatumia kipi kabla ya kufuata namba ya mtu mwingine.

Pima pia maji kabla ya kutia chochote. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na maji yakiwa tayari na EC ya 0.8 sehemu kubwa ya nafasi ya virutubisho imekwisha liwa. Changanya na maji ya mvua.

"pH ikipanda, kamulia ndimu"

Ndimu inashusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) kweli, kwa siku moja au mbili. Kisha bakteria wanakula ile asidi, pH inarudi ilikokuwa, na wewe umebaki na utelezi kwenye mizizi. Tumia asidi ya fosfori inayouzwa kwa kazi hii: matone machache kwa lita 10, koroga, ngoja dakika 15, pima tena. Lengo ni 5.5 hadi 6.5. Ikipita 7, chuma kinakuwapo majini lakini mmea haukipati, na majani machanga yanakuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Pima baada ya kutia virutubisho, kwa kuwa navyo vinashusha pH. Asidi ya betri iache ilipo: inaunguza ngozi na macho, na ile iliyotoka kwenye betri kuukuu ina madini ya risasi.

"Jiko langu lina mwanga wa kutosha, hata taa siwashi"

Jicho linadanganya, kwa sababu mboni hujitanua gizani bila wewe kujua. Jiko unaloliona lina mwanga mzuri huwa na luksi (kipimo cha mwanga) 200 hadi 500. Saladi na rehani vinataka luksi 10,000 hadi 15,000 kwa saa 14. Simu yako inaweza kupima kwa programu ya luksi. Si kipimo cha maabara, lakini inatosha kukutoa kwenye usingizi. Pima pale majani yalipo, kisha pima mita 1 ndani zaidi, uone namba inavyoporomoka.

Ushauri wa "dirisha la kusini" umeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Karibu na Ikweta, jua la mchana liko juu ya paa, na dirisha lenye kibaraza halipati miale kati ya saa 5 na saa 9. Kwetu madirisha yenye maana ni ya mashariki na magharibi. La mashariki ni bora zaidi kwa sababu jua la jioni linakuja wakati chumba tayari kimechemka.

Kama huna dirisha hilo, taa ya LED nyeupe yenye matumizi halisi ya wati 20 hadi 30, ikining'inia sentimita 20 hadi 25 juu ya majani, inatosha eneo la sentimita 30 kwa 40. Taa ya wati 25 ikiwaka saa 14 kwa siku inakula uniti 10 na nusu kwa mwezi. Iwashe siku mbegu inapochomoza, siyo baada ya wiki. Mche uliokuwa gizani siku mbili tu za mwanzo hurefuka ukawa mwembamba kama uzi, na hauponi.

"Usumba ni safi, ni wa mnazi tu"

Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, hutumika kushikilia mche kwenye kikombe. Lakini makumbi ya pwani huweza kuwa yamefukiwa kwenye matope ya bahari kwa miezi ili yalainike, kama wanavyofanya kina mama wa Zanzibar wanaosokota kamba. Usumba huo umebeba chumvi. Uloweke kwa maji baridi yasiyo na chumvi usiku kucha, kamua, rudia mara tatu, na maji ya mwisho yapime EC. Sifongo safi isiyo na dawa inafanya kazi pia: kata mchemraba wa sentimita 2.5, uchane katikati, weka mbegu karibu na uso.

"Anza na saladi, ndiyo rahisi"

Nairobi, ndiyo. Pwani, hapana. Mbegu nyingi za saladi hugoma kuota joto likipita nyuzi 28 au 30, na wengi huishia kumlaumu muuza mbegu. Ukiitaka lazima, iweke mbegu iliyolowa kwenye droo ya mboga ya friji siku moja au mbili kabla, na usiizike, maana inapenda mwanga. Vinginevyo panda mchicha, unaota siku 3 hadi 5 kwenye joto hilohilo, au rehani. Mnanaa hauhitaji mbegu: shina la sentimita 10 lililokatwa chini ya pingili hutoa mizizi kwenye glasi ya maji kwa siku 7 hadi 10. Nyanya iache kwanza. Inataka mwanga maradufu, na ndani ya nyumba itabidi utikise maua mwenyewe ili yashike.

"Ni mboga za kemikali"

Naitreti iliyotoka kwenye samadi na naitreti iliyotoka kwenye mfuko ni kitu kimoja kwa mzizi. Lenye ukweli ni hili: majani yaliyokua kwenye mwanga hafifu hulimbikiza naitreti zaidi, popote yalipopandwa. Vuna alasiri, baada ya saa kadhaa za mwanga.

"Chombo kimefunikwa, mbu hawawezi kuingia"

Tundu la upana wa kalamu linamtosha Aedes, mbu wa dengi anayezaliana kwenye maji ya ndani ya nyumba, na kwenye joto la pwani yai linaweza kuwa mbu kamili kwa takriban siku 7 hadi 10. Kikombe kikae kikibana kwenye tundu lake. Tundu lisilo na mche lizibwe kwa sifongo au utepe, na palipo na upenyo patandazwe kipande cha chandarua chini ya mfuniko. Kila Jumamosi inua mfuniko, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona viluwiluwi vinavyochezacheza kwenda chini mwanga unapovipiga, mwaga myeyusho wote siku hiyohiyo kwenye udongo mkavu, sugua kuta za chombo pale maji yalipofika, maana mayai hugandia hapo, kisha utengeneze myeyusho mpya.