Kabla Hujasema Una Ngozi Kavu

Ukikaa kliniki kwangu mwezi wa saba utadhani Dodoma nzima ina ngozi kavu. Kila anayeingia wimbo ni uleule: "Daktari, ngozi yangu kavu sana, nipe mafuta mazito." Midomo imepasuka, mashavu yamepauka, mkono ukiukwaruza kwa kucha unabaki na mstari mweupe. Na kweli hewa yetu haina utani. Mvua imekatika tangu Aprili au Mei, upepo unasukuma vumbi kutwa, na huku tuliko, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi kavu ambayo mtu wa Pwani hajaizoea.

Lakini ngozi kavu ni jambo moja, na ngozi iliyopungukiwa maji ni jambo jingine. Wengi wanaonijia kipindi hicho wana hilo la pili.

Aina ya ngozi ya uso inaamuliwa hasa na mafuta, yaani tezi zilizomo ndani ya ngozi zinatoa kiasi gani. Tezi hizo zimejaa zaidi kwenye paji la uso, pua na kidevu. Kwa sehemu kubwa unarithi. Homoni zinayapandisha mafuta hayo wakati wa balehe, na umri unayashusha, hasa kwa akina mama waliokwisha koma hedhi. Maji nayo yana njia yake: yanatoka kwenye ngozi kwenda hewani muda wote, na hewa ikiwa kavu yanatoka haraka zaidi. Ndiyo maana uso unaweza kung'aa mafuta na huku unavuta na kutoa magamba.

Dada mmoja, mtumishi aliyehama na wizara kutoka Dar, alikuwa hivyo hasa. Pua inameta, mashavu yana magamba, na kwenye paji, pale nywele zinapoanzia, vipele vidogo vidogo ambavyo ukipitisha kidole unahisi kama changarawe. Tangu ahamie alikuwa anapaka mafuta ya nazi usoni asubuhi, mchana na jioni. Ngozi yake ni ya mafuta tangu yuko sekondari. Unyevu wa Dar ulikuwa unamsitiri tu. Nilimwambia mafuta ya nazi ayashushe miguuni, usoni apake losheni nyepesi yenye glisirini mara tu anaponawa, uso ukiwa bado na majimaji. Glisirini tupu isiyochanganywa na maji siishauri kwa hewa ya hapa, maana isipopata maji hewani inaweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe.

Kujipima ni rahisi. Nawa uso kwa sabuni laini jioni, usipake chochote, kaa ndani kama saa moja hivi, kisha bandika karatasi laini ya tishu kwenye paji, pua, kidevu na mashavu. Ikitoka na mafuta kila mahali, una ngozi ya mafuta. Ikitoka nayo katikati tu, ni ngozi mchanganyiko, na ninaoonana nao wengi ni wa kundi hili. Isipotoka na kitu na uso unavuta, huenda ni kavu. Usipovuta wala kung'aa, ni ya kawaida, mshukuru Mungu uendelee na shughuli zako. Ila rudia kipimo mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Ukavu ukiondoka na kiangazi, haukuwa aina yako ya ngozi.

Kuna pia ngozi inayowaka na kuwasha kwa kila kinachopakwa. Hiyo inaweza kuwa ya mafuta au kavu, na mara nyingi nikichimba nakuta sabuni. Sabuni ya mche inatengenezwa kwa mafuta na kostiki soda. pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, huwa 9 hadi 10, wakati uso wenyewe unapenda uchachu kidogo, karibu na 5. Fulia nguo, uso uache.

Nina ugomvi na mtandao hapa. Watu wananiletea simu: "Daktari, mimi ni aina ya 5." Hicho ni kipimo cha Fitzpatrick, daktari wa Marekani aliyekibuni mwaka 1975, na kinaeleza ngozi inavyoungua au kuiva kwa jua. Hakisemi lolote kuhusu mafuta.

Kinachoniumiza zaidi ni mwendelezo wa kosa hili. Mtu mwenye ngozi ya mafuta anajipaka mafuta mazito, chunusi zinatoka, anazitumbua, na kwenye ngozi yetu nyeusi kila chunusi inaacha doa. Anataka doa litoke kabla ya harusi ya wiki mbili zijazo, basi anaishia kwenye mkorogo, ambao ndani yake huwa kuna zebaki, hidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Uso unang'aa mwezi mmoja, halafu ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, na chunusi zinarudi kwa hasira. Doa la chunusi linahitaji miezi, losheni ya kukinga jua kila asubuhi hata kama wewe ni mweusi tii, na vidole vikae mbali na uso. Ukiwa tayari unatumia mkorogo, usiuache ghafla kimyakimya. Njoo na kopo lenyewe, hata kama halina lebo, tupange namna ya kuuacha.