Sampuli ya sauti: violini na nyatiti ndani ya kompyuta

Sampuli ni kipande kifupi cha sauti halisi kilichorekodiwa na kupangiwa kitufe cha kinanda, ili kipigwe tena wakati wowote. Kwa mtunzi kijana wa Kisumu asiye na okestra, ndiyo njia ya kuweka violini juu ya midundo ya kompyuta. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1944 mtunzi Mmisri Halim El-Dabh alirekodi sherehe ya zaar, ya kupunga pepo, mjini Kairo kwa mashine iliyorekodi sauti kwenye waya, akaichakata sauti hiyo mpaka ikawa muziki mwingine.

Kinachoharibu kazi nyingi ni uvivu wa kurekodi. Mtu huchukua noti moja tu, tuseme A ya 440 Hz, kisha anaiachia programu iivute juu na chini. Kwa njia ya kawaida, kuipandisha oktava moja ni kuicheza kwa kasi maradufu: sekunde 4 zinabaki 2, na mtetemo wa kidole uliokuwa mara 6 kwa sekunde unakuwa 12. Violini inalia kama mbu. Rekodi noti mpya kila baada ya nusutoni 3 (nusutoni ni hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata), kwa upole na kwa nguvu, kila moja mara mbili ili matoleo yapokezane. Kutoka G ya uzi mnene hadi oktava 3 juu, hizo ni noti 13, yaani rekodi 52. Fanya asubuhi. Mvua ya Kisumu hupenda alasiri, na mabati yakishaanza kupigwa, kuiondoa kelele hiyo ni kuichuna na sauti ya uzi.

Kompyuta ikipima sauti mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 24, inatosha. Vilele vya sauti visivuke desibeli -12 kwenye kipimo cha programu.

Ukikata, kata pale wimbi linapopita sifuri, la sivyo utasikia “tik” kila noti inapoanza. Hata ikikatwa vizuri, noti ya upinde hukua polepole, kwa hiyo ikipangwa sawa na ngoma husikika imechelewa. Isogeze mapema kidogo, anzia milisekunde 50, kisha amua kwa sikio.

Nyatiti, kinubi cha Waluo, ina mambo yake. Nyuzi zake 8 hukazwa kufuata sauti ya mwimbaji, si piano, kwa hiyo uzi unaweza kuangukia katikati ya noti mbili. Wengi hukimbilia kuunyoosha kwa programu, na nyatiti inapoteza ladha yake. Afadhali violini imfuate mwenyeji: uzi ukiwa senti 35 juu (senti ni sehemu ya mia ya nusutoni), pandisha sampuli zote za violini senti 35. Kasi inabadilika kwa takriban asilimia 2 tu, na hakuna atakayeshtuka. Mpigaji avue gara, yaani njuga za mguuni, na pete ya chuma ya oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu wakati wa kurekodi nyuzi. Gara na pete zirekodiwe peke yake, maana zikishaingia ndani ya noti, zitalia kila kitufe kinapobonyezwa, hata pasipotakiwa mdundo.